Pijo la Ijumaa

Wako watu hapa Paso del Tala ambao mpaka leo watakwambia Olegario Techera alikuwa fundi wa kubahatisha. Usiwasikilize. Hao hao ndio waliokuwa wakimgongea mlango alfajiri, matrekta yamewafia katikati ya mavuno, naye akiyafufua kwa kipande cha waya na matusi mawili matatu. Watu wetu ndivyo walivyo. Ukiwafaa mara mia, huo ni wajibu wako. Ukishindwa mara moja, hiyo ndiyo tabia yako.

Kilichomwangusha ni gari moja tu, Pijo 404 la mwaka sitini na saba, rangi ya maziwa, mali ya Mwalimu Élida Fagúndez. Lilikuwa linamisi, yaani silinda moja inakataa kuwaka. Lingekuwa linamisi kila siku, afadhali. Hili lilikuwa linapona, linatembea wiki mbili vizuri kabisa, halafu Ijumaa unaliona hilo linarudi gereji likichechemea, silinda moja imekufa, linatikisika mpaka vioo vinagonga. Na ili kufika gereji lilikuwa lazima lipite daraja, lipite mbele ya Klabu ya Reli, na wanaume wote waliokaa barazani wanalihesabia mapigo yake kwa sauti: moja, mbili, tatu, hamna.

Olegario alikuwa na miaka sitini na minne. Mkewe, Nair, alikwenda Montevideo, mji mkuu, kumuuguza mama yake miaka ishirini iliyopita. Mama akapona, Nair hakurudi. Hawakugombana. Aliandika barua mbili, ya pili fupi kuliko ya kwanza, basi. Tangu hapo Olegario alikuwa akila amesimama karibu na jiko, sufuria mkononi, kwa sababu kuandaa meza kwa ajili ya mtu mmoja aliona ni kujidhihaki. Alikuwa na redio. Alikuwa pia na maneno mengi ya kuziambia injini, na injini, tofauti na watu, zilimjibu.

Mwalimu Élida yeye hakuwahi kuolewa. Alifundisha shule ya shamba, kilomita nne ng'ambo ya daraja, kwa miaka thelathini na sita, mpaka watoto wakaisha na serikali ikaifunga. Yeye akabaki palepale katika nyumba ya mwalimu, na mbwa mmoja mkali, na Pijo. Nusu ya mji huu imejifunza kusoma mikononi mwake.

Mara ya kwanza gari lilimisi kwa haki. Ilikuwa Julai, baridi, mvua imenyesha siku nne, na magari ya zamani yote ya mji yalikuwa yanakohoa. Mwalimu aliingia gereji Ijumaa saa tisa alasiri, miguu imelowa, mkononi ana sahani iliyofunikwa kitambaa. Kwetu mvua ikinyesha kila nyumba hukaanga maandazi, yale bapa yenye tundu katikati, ya mafuta ya ng'ombe. Alikuwa amekaanga na yeye, halafu akajikuta ana maandazi kumi na mawili na mlaji mmoja.

"Fundi," alisema, "gari linaniangusha. Na haya yatapoa."

Olegario alifungua boneti, akawasha injini, akaenda nyuma kuweka kiganja kwenye mdomo wa ekzosi. Ndivyo alivyokuwa akianza. Pumzi tatu zilimpiga mkononi, ya nne haikuja. Akarudi mbele, akachomoa waya za plagi moja baada ya nyingine, injini ikiendelea kuunguruma. Alipochomoa ya kwanza, injini ikayumba. Ya pili, ikayumba. Ya tatu, haikubadilika hata kidogo, na hapo akajua maiti ni yupi. Akazima. Akafungua kifuniko cha distribyuta, kifaa kinachogawia kila plagi umeme wake, akakifuta ndani kwa kitambaa chake chenye petroli, akakikagua, akakausha waya, akatia plagi mpya. Kule kufuta kabla ya kukagua ulikuwa mtindo wake tangu ujana, kama mtu anayefuta miwani kabla ya kusoma. Kifuniko hakina haki ya kuchunguzwa kikiwa kichafu, alikuwa akisema.

Likawaka, likatulia. Ila mvua ilikuwa bado inapiga mabati, kwa hiyo Mwalimu akaketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, karibu na jiko la kuni, Olegario akatia maji ya moto katika kibuyu cha yerba, yale majani machungu tunayokunywa kwetu kama chai, wakapokezana kibuyu na mrija mpaka birika likaisha. Wakala maandazi yote kumi na mawili. Alipoondoka, Olegario aligundua kwamba alikuwa amekula akiwa ameketi.

Sasa lazima ujue jambo moja kuhusu mji huu. Mwanamke anayeishi peke yake hawezi kwenda kukaa saa mbili kwa mwanamume anayeishi peke yake. Hakuna sheria inayomkataza, ila yapo macho ya watu. Lakini boneti likiwa wazi, hakuna wa kusema neno. Mteja anangoja gari lake. Hata padri angeweza kupita akasalimia.

Wiki mbili baadaye Pijo lilirudi. Silinda ya pili. Akafuta kifuniko, akabadilisha waya, likapona. Wakanywa yerba. Mwezi wa nane likarudi, silinda ya nne. Akafuta, akabadilisha kondensa, likapona. Septemba akabadilisha koili. Kila mara lilipona palepale mkononi, na kila mara baada ya wiki mbili lilikuwa mlangoni tena, ugonjwa umehamia chumba kingine. Olegario hakuwahi kuona kitu kama hicho. Silinda inakufa, sawa, inakufa. Lakini haziachiani zamu kama walinzi.

Alikuwa akiliota. Alikuwa akiamka na kuchora injini nzima kichwani, kuanzia betri. Lakini Ijumaa ikifika, kuanzia saa nane, alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya kufulia na mchanga mpaka kwenye kucha, na akisikia kule darajani ule mlio wa kuchechemea, moyo wake ulikuwa ukifanya mambo mawili kwa pamoja: unashuka na unapanda. Alitaka gari lipone. Alitaka na Ijumaa. Hakuwahi kuyaweka mawili hayo kwenye mizani moja, na mimi simlaumu, kwani nani anapenda kupima kitu kama hicho.

Waliongea nini? Mambo ya kawaida. Mwalimu alimsimulia habari za watoto wa shamba waliokuja shuleni wawili wawili juu ya farasi mmoja. Alimsimulia jinsi anavyoisikia saa ya ukutani asubuhi, na kwamba siku moja aliisimamisha akashindwa kuvumilia, akaiwasha tena. Olegario, aliyekuwa hasemi na mtu, alijikuta anasema. Ijumaa ile ya kwanza kabisa alimwambia habari za Montevideo, alipokuwa mwanafunzi wa ufundi, na jinsi mafundi wakubwa walivyokuwa wakiwatesa wageni: wanachukua penseli, wanachora mstari mwembamba ndani ya kifuniko cha distribyuta, kutoka kwenye pini ya silinda moja mpaka ukingoni panapogusa chuma. Umeme ni mvivu, unafuata risasi ya penseli badala ya kwenda kwenye plagi. Silinda inakufa. Mgeni anafungua injini nzima, siku tatu, analia, haoni kitu.

"Na wewe ulilia, Fundi?"

"Mimi nilifuta kifuniko kabla ya kukagua. Hawakunipata hata siku moja."

Mwalimu alicheka mpaka akatoa leso. Kisa hicho Olegario alikuwa amekisimulia klabuni labda mara hamsini, na huko hakuna aliyekuwa akicheka tena. Ilimpendeza sana kuona kimepata msikilizaji mpya.

Basi mvua zikaisha. Disemba likaja jua, Januari ukaja ukame, nyasi zikawa rangi ya karatasi. Magari mengine yote yalikuwa yamepona mafua. Pijo la Mwalimu likaendelea kumisi kila Ijumaa ya pili, katika joto ambalo hata chura hawezi kupata pa kulowanisha mguu.

Na hapo mji ukachoka kumvumilia. Bwana mifugo alipeleka gari lake gereji ya mji mkubwa, kwa wale wenye kompyuta. Mwoka mikate akafuata. Kisha shirika la maziwa, lililokuwa na malori mawili, likasema asante kwa miaka yote. Wiki moja Olegario hakufungua boneti ila la Mwalimu. Klabuni, Kléber Silvera, aliyekuwa na mashine ya kusaga na ulimi unaosaga zaidi ya mashine, alimpa jina jipya: daktari wa mafua.

Jumamosi moja wakicheza karata, truko, mchezo wetu ambao nusu yake ni karata na nusu ni mdomo, Kléber alimwimbia kishairi mbele ya watu wote, kwamba fundi wetu huponya injini kwa dua na yerba, na mgonjwa akifika darajani roho inatoka tena. Katika truko mtu akikuchokoza sharti umjibu, tena kwa vina. Asiyejibu amekwisha. Olegario alikaa na karata zake mkononi, hana hata mstari mmoja. Aliweka karata chini akaenda nyumbani.

Ijumaa iliyofuata Pijo lilipofika likichechemea, hakulifungua. Alisimama mbele yake.

"Mwalimu, leo niachie gari. Lilale hapa. Nitalivua lote, kuanzia betri mpaka taa ya nyuma."

Mwalimu Élida aliweka mkono kwenye boneti. "Lote? Haina haja, Fundi. Si litapona tu kama kawaida?"

"Ndiyo shida yenyewe. Linapona kama kawaida. Mimi nimekuwa kichekesho, Mwalimu. Nisipolipata safari hii, nafunga gereji."

Alisema hivyo bila kumtazama, kwa sababu alikuwa anaona aibu. Angemtazama labda mambo yangekwenda vingine. Mwalimu aliondoa mkono kwenye boneti. Kisha akasema, "Sikujua imefika huko," akachukua mkoba wake, na lori la maziwa lililokuwa linarudi upande wa daraja likampakia. Yerba ilikuwa imeshawekwa tayari. Olegario aliinywa peke yake, na ilikuwa chungu kuliko siku zote.

Jumamosi asubuhi alianza. Alijiapiza safari hii hatagusa wala kufuta kitu kabla hajakitazama kwa macho. Alifungua kifuniko cha distribyuta, mkono wa kulia ukaenda wenyewe kwenye kitambaa, akauzuia. Akakichukua kifuniko kilivyo, akatoka nacho mlangoni kwenye jua, akakigeuza polepole.

Mwanzoni hakuona kitu, weusi mtupu. Akakiinamisha kidogo, na hapo ukang'aa: mstari wa kijivu, mwembamba, umenyooka, kutoka kwenye pini ya silinda ya tatu mpaka ukingoni. Penseli.

Alikaa chini palepale kizingitini. Miezi saba. Plagi, waya, kondensa, koili, na kila mara kitambaa chake mwenyewe kilikuwa kinafuta ushahidi kabla jicho halijafika. Kosa halikuwa la gari. Injini ilikuwa nzima muda wote huo. Kuna mtu alikuwa akimfanyia hila.

Hasira ilimpanda kutoka miguuni. Hakuhitaji kuwaza sana ni nani, au ndivyo alivyodhani. Kisa cha penseli kila mtu klabuni alikuwa anakijua kwa moyo. Nani aliyekuwa akihesabu mapigo barazani? Nani aliyemwimbia? Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na akavaa kofia, akaenda na kifuniko mkononi kama mtu anayebeba kichwa cha nyoka.

Ilikuwa karibu saa sita mchana, saa ya kinywaji kabla ya chakula, na klabu ilikuwa imejaa. Kléber alimwona kwanza.

"Karibu, daktari. Mgonjwa amelazwa, nasikia. Tumpelekee maua?"

Olegario alikiweka kifuniko juu ya meza, katikati ya karata. "Nataka kujua ni nani kati yenu."

Milton, mwenye kaunta, akapunguza redio.

"Nani wa nini?" Kléber akauliza.

"Tazama humo ndani. Kiinamishe kwenye mwanga. Mwanamume mzima unakwenda kuchora ndani ya gari la mwanamke mzee ili kunifanya mimi kichekesho. Miezi saba. Nimepoteza wateja, nimepoteza usingizi. Sema ni wewe, tuyamalize hapa hapa."

Kléber alivaa miwani, akakigeuza kifuniko huku na huku. Alipoona, alipiga mluzi mdogo. "Penseli. Kumbe kile kisa chako ni kweli? Mimi siku zote nilidhani unatunga."

"Sema ni wewe."

"Mzee mwenzangu, tuheshimiane. Nitukane yote, lakini uvivu wangu unaujua. Mimi nitembee kilomita nne kwenda kuchora? Penseli ya mwisho kuishika ilikuwa darasa la nne, na aliyeniazima alikuwa Mwalimu Élida."

Watu wakacheka kidogo. Milton hakucheka. Alikuwa anafuta glasi, na bila kuinua uso akauliza, "Hilo gari huwa linalala wapi?"

"Kwake, ng'ambo ya daraja."

"Penye yule mbwa."

"Ndiyo, penye yule mbwa."

"Yule aliyemng'ata mpima ardhi. Haya niambieni, kati yetu ni nani anayeweza kufungua boneti mbele ya yule mbwa, halafu akapata na nafasi ya kunyoosha mstari kama wa daftari la hesabu?"

Waliwaza wote kwa pamoja, ungeweza kuwasikia wakiwaza. Kisha Kléber akaanza kutikisika mabega, akavua miwani, akafuta machozi.

"Lo, Olegario. Olegario, maskini wangu. Mwanamke wa watu miezi saba anaharibu gari lake mwenyewe ili apate kuja kunywa yerba na wewe, na wewe unambadilishia kondensa!"

Klabu nzima ililipuka. Walipiga meza, mmoja alikohoa kinywaji kikamtoka puani. Olegario alisimama katikati yao, na nitakwambia alichohisi, kwa sababu alinieleza mwenyewe baadaye, mara moja tu, na hakurudia. Alifurahi. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili hivi alifurahi kuliko alivyopata kufurahi tangu Nair aondoke. Halafu akasikia kicheko, akaona ni watu wangapi, akaelewa alichofanya.

Kléber naye alimwona usoni, akaacha kucheka. Si mtu mbaya, Kléber. "Chukua kifuniko chako uende," alimwambia taratibu. "Sisi hatujaona kitu. Sivyo, jamani? Hatujaona kitu."

Wote wakaitikia hawajaona kitu. Walikuwa wanaume kumi na mmoja, wote wana wake, na wote walikuwa wanakwenda kula chakula cha mchana. Mtama ulikuwa umeshamwagwa, na kuku ni wengi.

Bado alikuwa na nafasi. Hili ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia. Ilikuwa saa sita na nusu, daraja liko pale, kilomita nne. Angekwenda wakati ule ule angemfikia kabla ya maneno. Na alitaka kwenda. Alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe. Lakini alipofika kwenye Pijo akajiuliza atakwenda nalo vipi likiwa linamisi. Akakifuta kifuniko, akakirudisha. Alipoliwasha, likatulia. Lakini akasikia valvu moja inagonga kidogo, akasema hili haliwezi kwenda hivi. Akavua shati. Akarekebisha valvu zote nane. Akasafisha kabureta, akapanga upya moto wa distribyuta, akabadilisha oili, akakaza kila nati aliyoikuta. Hakujua atasema nini akifika, ila mikono yake ilijua la kufanya, basi akaiachia mikono. Alipomaliza, jua lilikuwa limeshuka na mafuta yamemfika viwikoni. Akajiambia kesho. Kesho ni Jumapili, siku nzuri ya kumtembelea mtu.

Jumapili saa nne asubuhi Mwalimu Élida alikuja mwenyewe, kwa miguu, na mfuko wa mkate mkononi. Kilomita nne kuja mjini, kwenye joto lile. Olegario alikuwa ameshatoa kiti nje. Mwalimu hakukaa.

"Gari tayari?"

"Tayari, Mwalimu. Kaa kidogo basi, maji yako jikoni."

"Nimepita kwa mwoka mikate," alisema. Sauti yake ilikuwa ya darasani, kavu, kila neno mahali pake. "Yule binti yake amenifungia mkate, halafu akaniuliza kama nina penseli ya kumwazima. Wenzake walikuwa nyuma ya pazia. Yule mimi ndiye niliyemshika mkono akaandika herufi ya kwanza."

"Mwalimu, mimi sikukusudia..."

"Ungekuja kuniuliza. Ningekwambia. Nilikuwa na aibu tangu Ijumaa, uliposema utafunga gereji. Usiku kucha nilikuwa najipanga jinsi ya kukwambia. Sikujua nakuharibia kazi, Olegario, naapa sikujua, nilidhani ni mchezo wa watu wawili tu. Nilidhani pengine umeshaona na umenyamaza. Ningekuomba radhi. Lakini wewe ulikwenda klabuni."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Olegario alikuwa ameshika kitambaa, anakikunja, anakikunjua.

"Nilidhani ni Kléber," alisema.

Mwalimu Élida alimtazama. Uso wake haukuwa na hasira tena, na ingekuwa heri kama hasira ingebaki.

"Miezi saba nakuja kukaa hapa na wewe," alisema, "na mtu uliyemfikiria ni Kléber."

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa limemjaa kifuani. Kwamba wanaume wa klabu kumfanyia ubaya, hilo liliingia akilini mara moja, kwa sababu ubaya alikuwa ameuzoea. Lakini kwamba mtu aliyesoma, mwenye mikono safi, aamke asubuhi ajichafue kwa grisi kwa sababu ya kutaka kukaa karibu na yeye, hilo halikuwa na mlango wa kuingilia kichwani mwake. Hakulifikiria kwa sababu hakujiona ni mtu wa kutafutwa. Angesema hivyo tu, kwa maneno yoyote, hata kwa kigugumizi, na nadhani Mwalimu angekaa. Nadhani.

"Nimerekebisha na valvu," alisema. "Nimepanga na moto. Halitakusumbua tena."

"Najua," alisema Mwalimu.

Alipanda gari, akaweka mkate kwenye kiti cha pembeni. Liliwaka kwa mguso wa kwanza. Alimwambia asante, Fundi, akageuza, akaenda zake, na wanaume waliotoka kanisani walisimama kando wampishe, na hata mmoja hakuhesabu kwa sauti.

Wiki hiyo bwana mifugo alirudisha gari lake kwa Olegario. Mwoka mikate naye akarudi. Shirika la maziwa likatuma lori moja la kujaribu. Mji mzima ulikuwa umekubali kwamba fundi hakuwa na kosa, na Kléber mwenyewe alikuja mpaka gereji kumwambia arudi kwenye truko, kiti chake kipo. Olegario alimjibu atakuja. Hakwenda.

Ijumaa alimaliza kazi mapema. Alinawa mikono mpaka kwenye kucha, akachemsha maji, akatoa kiti, akafungua mlango wote. Saa tisa na robo alilisikia Pijo darajani. Angelitambua katikati ya magari mia. Alisimama, akavua aproni. Gari lilikuja, likapunguza mwendo kwenye kona kama yanavyopunguza yote, na kwa muda ule wa kona alimwona Mwalimu ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele. Kisha likabadilisha gia likapita.

Alibaki mlangoni akisikiliza, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoijua. Silinda nne, moja baada ya nyingine, hakuna iliyoachia nyingine zamu. Alilifuata kwa masikio likapita kanisa, likaingia barabara kuu kuelekea mji mkubwa, na hata mara moja halikumisi.